Mwalimu wa Badala: Maisha Madogo katika Riwaya ya Tayama Katai

Katika hadithi za mataifa mengi mwalimu ana sura mbili tulizokwisha kuzizoea. Ama ni mzee wa hekima ambaye maneno yake hukumbukwa na wanafunzi wake hata wakiota mvi, ama ni mkali wa fimbo ambaye jina lake likitajwa watu hutetemeka. Ni mara chache msomaji kukutana na mwalimu wa namna ya tatu, ingawa madarasani watu wa namna hiyo hawakosekani: kijana asiye na cheti, aliyeshika chaki kwa kuwa hapakuwa na mwingine wa kuishika, naye mwenyewe hajui kama amefika au angali njiani. Riwaya ya Inaka Kyoshi, yaani Mwalimu wa Shamba, iliyotolewa na Mjapani Tayama Katai mwaka 1909, ni moja katika vitabu vichache vilivyomchukua kijana huyo vikamweka katikati ya ukurasa, na wakubwa wa dunia vikawaweka pembeni.

Kusudi la makala haya si kuisimulia riwaya hiyo tangu mwanzo hata mwisho, bali kuipima. Swali letu ni moja: je, maisha ya kila siku ya kijana wa namna hii, kazi yake, deni lake, kinanda chake na majani anayoyachuma kando ya mto, yatosha kuwa kitabu? Hoja yetu ni kwamba Katai aliketi kuyalilia maisha yaliyopotea, walakini kalamu yake ikaandika jambo lililo bora kuliko kusudi lake. Tena, mahali pale alipoiacha kweli aliyokuwa nayo mkononi akatia jambo la kubuni, alifanya hivyo kwa kuwa hakuamini kwamba maisha madogo yaweza kusimama peke yake.

Yafaa kwanza tujue mwalimu huyu alikuwa mtu wa daraja gani. Serikali ya Japani ilitoa sheria ya elimu kwa nchi nzima mwaka 1872. Mwaka 1900 ada ya shule za msingi za serikali za miaka minne iliondolewa, na mwaka 1907 ikaamriwa kwamba elimu ya lazima iongezwe kuwa ya miaka sita. Shule zikajaa watoto upesi kuliko vyuo vya ualimu vilivyoweza kutoa walimu. Hapo ndipo alipopatikana yule aliyeitwa kwa Kijapani daiyo kyoin, maana yake mwalimu wa kutumika badala. Neno hilo halikumaanisha kwamba anashika nafasi ya fulani aliyeugua akarudi baada ya wiki mbili. Lilimaanisha kwamba anashika nafasi ya mwalimu wa kweli, ambaye hayupo na pengine hatakuja. Angeweza kukaa mwaka, miwili, hata mitano, na siku zote hizo jina lake likabaki kuwa ni badala ya mtu mwingine.

Wasomaji wa Afrika ya Mashariki hawatalishangaa jambo hilo. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilipotaka kila mtoto wa Tanzania apate elimu ya msingi, na shabaha ya utekelezaji wake ikawekwa mwaka 1977, vijana waliomaliza darasa la saba walichukuliwa wakajifunza ualimu huku wakifundisha. Watu wakawaita walimu wa UPE, na katika jina hilo mlikuwa na shukrani kidogo na dharau nyingi. Hatusemi kwamba hali ya nchi mbili hizi ilikuwa moja. Twasema tu kwamba kila taifa linapoamua kuwasomesha watoto wote kwa mara moja, huwa na kundi la vijana wanaobeba mzigo kabla ya mabega yao kukomaa, na ni haki kuuliza fasihi imewaonaje.

Kijana wa Katai hakutoka katika mawazo matupu. Alikuwako mtu aliyeitwa Kobayashi Hidezo, aliyezaliwa mwaka 1884, akafundisha katika shule ya kijiji cha Miroku, karibu na mji wa Hanyu, katika jimbo la Saitama. Alikufa kwa kifua kikuu mwezi Septemba mwaka 1904, hajatimiza miaka ishirini na mmoja. Alizikwa katika hekalu la Kenpukuji mjini Hanyu. Mkuu wa hekalu hilo, Ota Gyokumei, alikuwa shemeji yake Katai na yeye mwenyewe mshairi. Katai alipofika hapo akaliona kaburi jipya, akauliza ni la nani, akaambiwa habari za kijana. Baadaye akapata shajara, yaani vile vitabu ambamo marehemu alikuwa akiandika mambo yake ya kila siku. Katai alikuwa amerudi kutoka Manchuria, alikokwenda mwaka 1904 kuandika habari za vita vya Japani na Urusi. Alikuwa ameona vijana wakifa wakisifiwa. Hapa amekutana na kijana aliyekufa bila ya sifa, kitandani mwake. Kutoka katika mgongano huo wa fikira riwaya ikazaliwa.

Katika riwaya kijana huyo anaitwa Hayashi Seizo. Amemaliza shule ya kati mjini Kumagaya, naye ni mwerevu, lakini baba yake ni mtu aliyefilisika anayezunguka akiuza picha na maandishi ya kale ambayo mengi yake si halisi, na mama yake anashona nguo za watu ili nyumba ile. Rafiki zake wanajiandaa kwenda kwenye shule za juu. Yeye hana nauli wala ada. Anapata kazi ya mwalimu wa badala huko Miroku, na riwaya inafunguka akiwa njiani kwenda huko kwa miguu, kijana mwenye mavazi mapya na matumaini ya zamani.

Baada ya hapo ni nini kinachotokea? Mtu anayependa visa ataona kwamba hakitokei kitu. Seizo anafundisha. Anakaa kwanza katika hekalu, ambalo mkuu wake aliwahi kuwa mshairi mjini Tokyo, kisha anazoea kulala katika chumba cha zamu cha shule. Jumamosi hutembea kwenda nyumbani Gyoda kumwona mama yake. Mshahara ukitoka, sehemu huenda kwa wazazi na sehemu kwa wenye kumdai. Hununua vyakula vitamu kwa mkopo, kwa kuwa kijana aliye peke yake jioni huwa na njaa isiyokuwa ya tumbo. Anampenda msichana mmoja, ndugu wa rafiki yake, lakini anatambua kwamba rafiki yake mwingine anampenda pia, naye anajiondoa kimya bila ya kumwambia mtu. Anakohoa. Anafanya mtihani wa kuingia shule ya muziki ya Ueno, anashindwa, anarudi kijijini. Anakufa.

Mambo hayo ukiyataja hivi, huonekana kama orodha ya mikosi. Lakini msomaji akikaa na kitabu chenyewe ataona kwamba kina mwendo ndani yake, nao ni mwendo wa mambo anayoyapenda Seizo. Hapo ndipo tunapotaka kukaza macho, maana kazi ya mtu humwonyesha anavyokula, lakini yale anayoyapenda katika saa zake za mapumziko humwonyesha alivyo.

Penzi lake la kwanza ni fasihi. Seizo na wenzake wa Gyoda wanaanzisha jarida dogo. Wanakusanya mashairi, wanabishana juu ya jalada, wanawaomba wakubwa makala, wanahesabu nakala. Katai ameandika sehemu hizi kwa upole usio na dhihaka, kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa kijana wa jimboni. Alizaliwa Tatebayashi, ng'ambo ya mto Tone, mbali kidogo tu na Hanyu, naye alijua ladha ya kulisoma jina lako limepigwa chapa kwa mara ya kwanza. Jarida halikudumu. Fedha ziliisha, na marafiki wakatawanyika. Lakini tuangalie kwa nini linamuuma Seizo kuliko wenzake. Kwao jarida lilikuwa mchezo wa likizo. Kwake lilikuwa ni barua ya kujitambulisha kwa Tokyo. Alilipenda, naam, lakini alilipenda kama mtu anavyoupenda mlango, kwa ajili ya kile kilicho nyuma yake.

Penzi lake la pili ni muziki. Shule ina kinanda, na watoto wakiisha kwenda nyumbani Seizo huketi mbele yake, akitafuta sauti za kuyafanyia nyimbo mashairi anayoyapenda. Hapa pana hatua mbele. Kinanda kinampa furaha wakati ule ule anapokigusa, hata kama hakuna asikiaye ila mtumishi wa shule. Hata hivyo bado anakifungia safari: akifaulu mtihani wa Ueno, kinanda kitamtoa Miroku. Aliposhindwa mtihani, mwandishi hakutumia maneno mengi. Aliyekwisha kutembea kurudi mahali alipodhani amepaaga atajua kwamba maneno mengi hayahitajiki.

Penzi la tatu ni mimea. Seizo anaanza kuchuma majani na maua kandokando ya Tone na mashambani, anayatafutia majina, anayahifadhi, anaandika siku na mahali. Hakuna mtihani mbele yake. Hakuna rafiki wa Tokyo atakayeuona ukurasa huo. Anajua jina la jani hili na jina la jani lile, basi. Na ni hapa, kwa mara ya kwanza katika kitabu, tunapomwona Seizo akiitazama Miroku kama mahali, na si kama kituo cha kungojea gari. Wakati huo huo anaazimia kulipa madeni, kuwatunza wazazi, na kuifanya kazi yake kwa moyo wote. Kutoka kwenye jarida linalohitaji wasomaji, kupita kwenye kinanda kinachohitaji walau chumba kitupu, hata kufika kwenye jani lisilohitaji chochote ila jicho: hiyo ndiyo njia aliyokwenda kijana huyu. Mwenye kuiita njia ya kushindwa hana budi kwanza aeleze kushinda ni nini.

Katai mwenyewe aliiitaje? Hapa mhakiki hana budi kusema kwa uangalifu. Katai alikuwa mmoja wa viongozi wa waandishi waliotaka fasihi ya Japani iandike maisha kama yalivyo. Riwaya yake fupi Futon ya mwaka 1907 iliwashtua wasomaji kwa jinsi alivyojianika mwenyewe. Baada yake alifundisha njia ya kuandika yale tu yanayoonekana na kusikika, pasipo kuingia moyoni mwa watu na kuwahukumu, kana kwamba mwandishi ni maji matulivu na mambo yanapita juu yake yakiacha sura zao. Njia hiyo ina hatari ya ukavu, na vitabu vingi vimekufa kwayo. Katika Mwalimu wa Shamba haikuua. Chumba cha zamu, mvua juu ya mashamba ya mpunga, bafu ya moto ya jioni, hesabu ya senti: vitu hivi vimewekwa kila kimoja mahali pake, na kwa kuwa mwandishi hatuambii tusikitike, twasikitika wenyewe.

Lakini Katai hakuifuata njia yake hadi mwisho. Mara kwa mara Seizo anajilinganisha na wenzake waliofika mbali, na kila mara mizani ni ile ile: fulani amekwenda shule ya juu, fulani amechapisha shairi, na mimi niko hapa. Kijana kuwaza hivyo si ajabu. Ajabu ni kwamba mwandishi aliyeahidi kutohukumu ameshika mizani hiyo pamoja naye, akaujenga mpango wa kitabu juu yake. Mpango wasema: tazameni kipaji kilichozikwa shamba. Kurasa zenyewe zasema neno jingine.

Mgongano huu unaonekana wazi kuliko mahali pengine katika sehemu ya Nakada. Katikati ya riwaya Seizo anaanza kwenda kwenye nyumba za makahaba za Nakada, ng'ambo ya Tone. Anatembea mwendo mrefu juu ya tuta la mto, anavuka kwa mashua, anarudi asubuhi akiwa na aibu na deni. Mwanamke aliyemzoea anakombolewa na mtu mwingine mwenye fedha, na Seizo anabaki na upweke mkubwa zaidi na mwili ulioanza kudhoofika. Sehemu hiyo imeandikwa vizuri sana. Mto, giza, mashua na hofu ya kijana anayeogopa kukutana na mzazi wa mwanafunzi wake, vyote vina uzito. Lakini haikuwamo katika shajara. Katai alieleza mwenyewe katika kumbukumbu zake alizozitoa mwaka 1917 kwamba jambo la Nakada alilibuni. Alijitetea kwa kusema kwamba katika maisha ya kijana yeyote lazima kuwe na jambo la namna hiyo, ijapokuwa kwa sura nyingine.

Tumsikilize kwa haki. Mwandishi wa riwaya si karani wa mahakama. Amebadilisha jina la kijana, naye ana ruhusa ya kuongeza na kupunguza. Hakuna riwaya duniani isiyokuwa na jambo la kubuni, na mwenye kudai kila neno liwe na shahidi angeifuta nusu ya fasihi. Hayo yote twayakubali. Tena mwenye kusema kwamba Katai amemchafua marehemu kwa kumtia dhambini, huyo naye anakosea kwa upande wake, maana aibu ya kijana aliyetumbukia si aibu ya kumtoa mtu katika utu. Wengine huenda wakasema zaidi, kwamba bila ya Nakada Seizo angekuwa mtakatifu wa sanamu, na kwamba anguko hilo ndilo linaloipa toba yake maana.

Lawama yetu ni nyingine. Katai alikuwa na shajara mkononi. Ndani yake alikuta miaka ya kijana aliyefundisha, akasoma, akapiga kinanda, akapenda bila ya kusema, akaugua. Akautazama utulivu huo, akasema moyoni mwake kwamba haiwezekani kuwa ndio yote, lazima kuna kitu kilichofichwa. Kwa hiyo akachukua tamaa aliyoijua yeye, akaitia mahali palipokuwa kimya. Je, hakuwa na mambo mengine ya kuujaza ukimya huo? Alikuwa nayo. Alikuwa na darasa. Ajabu kubwa ya riwaya hii inayoitwa Mwalimu wa Shamba ni kwamba kufundisha kwenyewe hakuonekani kama tulivyotazamia. Twawaona watoto wakiimba, twawaona wakienda matembezini na mwalimu wao, twawasikia kwa mbali uwanjani. Lakini ile kazi ya saa baada ya saa, mtoto asiyeelewa hesabu na njia ya pili ya kumweleza, yule mkorofi wa nyuma na siku aliyonyamaza, hayo yapo kwa uchache. Mwandishi aliyevuka mto Tone usiku kutafuta siri ya kijana hakuingia vya kutosha katika chumba alichokuwamo kijana huyo kila siku mchana.

Ili tuone kwamba chumba hicho kingeweza kuandikwa, tumtazame mwalimu mwingine wa badala wa wakati ule ule. Mshairi Ishikawa Takuboku, aliyezaliwa mwaka 1886, alifundisha katika shule ya kijiji chake cha Shibutami tangu Aprili 1906 kwa mshahara wa yen 8 kwa mwezi. Alikuwa amekwisha kutoa kitabu cha mashairi, tena alikuwa na mke na wazee wa kulisha. Katika shajara yake alijitangaza kwamba atakuwa mwalimu wa badala wa kwanza katika Japani nzima, majivuno ambayo yana ucheshi ndani yake, maana ni nani mwingine aliyepata kugombea cheo hicho? Mwaka huo huo alianza hadithi ambayo jina lake lina maana kwamba wingu ni mwenye kipawa cha ajabu. Shujaa wake ni mwalimu wa badala aliyetunga wimbo. Watoto wakaushika, wakauimba shule nzima, na mwalimu mkuu akakasirika kwa kuwa haukupitia mezani kwake. Hadithi hiyo haikumalizika, wala haikuchapishwa mwandishi akiwa hai. Ina kelele, ina majigambo, na ufundi wake hauwezi kulinganishwa na wa Katai. Lakini ina kitu kimoja ambacho Katai hana: mwalimu wa Takuboku hajioni kuwa badala ya mtu. Darasa ndilo uwanja wake wa vita na wa furaha. Mwaka 1907 Takuboku mwenyewe aliwaongoza wanafunzi kugoma dhidi ya mkuu wa shule, akaondoka kijijini, akafundisha tena kama mwalimu wa badala kwa muda mfupi huko Hakodate hadi moto mkubwa wa Agosti mwaka huo. Alikufa mwaka 1912, naye kwa kifua kikuu, akiwa na miaka 26.

Tukiwaweka wawili hao bega kwa bega twapata somo la uhakiki. Takuboku aliandika kutoka ndani, Katai kutoka nje. Aliye ndani aliona kelele na ushindi mdogo wa wimbo. Aliye nje aliona ukimya na huzuni. Kila mmoja ameona kweli. Lakini mtu wa nje ana wajibu uliozidi, hasa anapomwandikia mtu aliyekwisha kufa ambaye hawezi kusema, "Sivyo." Wajibu huo si kutobuni. Ni kutouhesabu ukimya wa mwenzake kuwa utupu.

Hata hivyo, kwa heshima ya Katai, kitabu chake kinamsahihisha mwenyewe mwishoni. Seizo anakufa wakati Japani inashangilia kutekwa kwa Liaoyang, mapema mwezi Septemba 1904 katika vita vile. Watu wanapita njiani na taa, wakipiga kelele za ushindi, na ndani ya nyumba kijana anakata roho. Waandishi wengi wangalikomea hapo, kwa kuwa tofauti ya taa za nje na giza la ndani ni kubwa na humliza msomaji kwa urahisi. Katai aliendelea kurasa chache. Rafiki wanakuja, wanasikitika, wanatoa chao kwa ajili ya jiwe la kaburi, kisha wanashikwa na mambo yao. Lakini katika kaburi kunaonekana maua mapya mara kwa mara, na inajulikana kwamba anayeyaleta ni mwanafunzi wake wa zamani, msichana aliyekuwa akimwandikia barua, ambaye sasa amekuwa mwalimu.

Katai hakueleza zaidi, na amefanya vyema. Lakini mhakiki aruhusiwe kusema yale ambayo ua hilo linasema. Katika riwaya nzima Seizo amehesabu hasara zake: jarida, msichana, Ueno, afya. Hakupata kuhesabu darasa, kwa kuwa hakuliona kuwa mali. Na katika vyote alivyovigusa, ni darasa peke yake lililorudi kwake likiwa na maua mkononi. Tena lilirudi kwa sura ya mwalimu. Yeye aliyeitwa badala amepata mtu wa kushika nafasi yake. Na mtu haachi nafasi ila aliyekuwa nayo.

Je, riwaya inatosha? Kwa maoni yetu ni kitabu kizuri chenye ufa, na ufa wenyewe unafundisha. Kinapolia kwa ajili ya umaarufu uliokosekana, ni cha wakati wake, nacho kinachosha. Kinapofuata mikono ya kijana juu ya kinanda, au macho yake juu ya jani la kando ya mto, ni cha wakati wote. Kenneth Henshall alikitafsiri kwa Kiingereza mwaka 1984, kwa hiyo hata asiyesoma Kijapani aweza kukipima mwenyewe na kutupinga akitaka. Leo katika nchi ya Hanyu pana sanamu ya mwalimu huyo, na kaburi la Kobayashi lingali mahali pake hekaluni. Watu wa huko hawakumsimamishia sanamu mshairi aliyeshindwa. Walimsimamishia mwalimu.

Waandishi wetu vijana wamezoea kutafuta mashujaa mbali: wafalme, wapigania uhuru, majambazi wa mijini. Hatuwakatazi. Lakini katika kila wilaya ya nchi zetu wamo, na walikuwamo, walimu wa muda waliopanga chumba kimoja nyuma ya duka, wakanunua sukari kwa daftari la mwenye duka, wakasahihisha madaftari kwa taa ya chemli, na Jumapili wakawa na jambo lao wanalolipenda ambalo hakuna aliyeliuliza: redio ya kutengeneza, kwaya ya kufundisha, bustani ya michungwa. Mwenye kutaka kuwaandika asianze kwa kuwahurumia. Aanze kwa kuuliza jambo hilo ni nini, akalitazame kwa makini, na asipoliona asikimbilie kubuni uovu wala msiba. Angoje kwanza aone zaidi. Haba na haba hujaza kibaba, na maisha ya mwalimu wa badala, kama ya wengi wetu, ni ya haba na haba. Mwandishi atakayekuwa na subira ya kuipima nafaka hiyo punje kwa punje atakuta kwamba kibaba kilijaa zamani, na aliyekijaza hakupata kuambiwa.